Kompyuta ya Eda

Talaka ya Muzna ilifika ikiwa haisomeki. Ilikuwa Jumatatu, saa nne za asubuhi, mwezi wa Machi mwaka 2002, naye yuko kazini kwake Mlandege, juu ya duka la kanga, katika chumba cha kompyuta nne cha Bwana Muhiddin. Alifungua barua pepe zake akakuta moja imetoka kwa mumewe, Tamim, aliyeko Maskati mwaka wa nne sasa. Ndani hamkuwa na neno hata moja la kueleweka. Kulikuwa na mistari sita ya vijidude, herufi za Kizungu zenye vikofia na mikia, iliyoanza ÇáÓáÇã na kuendelea hivyo hivyo mpaka mwisho.

Muzna hakushtuka. Vijidude vile akivijua. Mtu akiandika Kiarabu kwa kompyuta ya kule, na barua isiseme yenyewe kuwa ni ya Kiarabu, kompyuta ya huku huisoma kama ya Kizungu, na kila herufi ikavaa sura isiyo yake. Dawa yake ilikuwa ndogo, kwenda juu kwenye menyu na kuchagua herufi za Kiarabu. Kilichomshangaza kidogo ni kuwa Tamim siku zote akimwandikia Kiswahili.

Akabonyeza. Mistari ikajigeuza, ikaanza kulia kwenda kushoto, imenyooka kama kazi ya karani, na kweli ilikuwa kazi ya karani. Ilisema kuwa Tamim amemwacha mkewe, Muzna binti Nasser, talaka moja, mbele ya mashahidi wawili, tarehe tisa ya mwezi ule, na kwamba mke ajuvywe kwa njia hii.

Aliisoma mara mbili. Marehemu baba yake alimfundisha Kiarabu tangu yuko mdogo, kwa hiyo hapakuwa na neno la kumpita. Kisha akaifunga, akarudi kwenye kazi iliyokuwa mbele yake. Ilikuwa picha ya bwawa la kuogelea la hoteli moja ya Kiwengwa, iliyokuwa haikai sawa na maandishi yake. Akaisogeza. Akaisogeza tena. Saa saba Muhiddin alirudi kutoka msikitini akamkuta bado anaisogeza.

"Hujala wewe?"

"Nshakula," akasema, na wala hakuwa amekula.

"Mbona umekaa hivyo?"

"Tamim kaniacha," akasema Muzna, kwa sauti ile ile ambayo angesema karatasi za printa zimekwisha.

Nyumba yao ilikuwa Kiponda, ghorofa ya pili, wakikaa yeye na mama yake, Bi Kulthum. Bi Kulthum aliposomewa karatasi aliyoichapa Muzna, vijidude juu na Kiarabu chini, alikaa kitako palepale kwenye ngazi, akataka asomewe mara ya pili. Jioni alikuja Ami Hisham, ndugu wa marehemu baba yake Muzna, akapiga simu Maskati. Walimsikia akisema "naam" mara nne, kila moja fupi kuliko iliyotangulia, kisha akauweka mkono wa simu mahali pake.

"Ndo kweli," akasema. "Lakini ni moja, na moja ina marejeo. Maadamu eda haijesha, ana ruhusa ya kumrejea bila ya ndoa mpya."

"Basi atamrejea," akasema Bi Kulthum. "Mtoto yule hana moyo mbaya. Kapitiwa tu."

Wakamwangalia Muzna, wakingoja alie au aseme neno. Yeye alikuwa akiangalia waya wa simu uliojisokota. Mwili wake wote ulikuwa kama mguu uliolaliwa. Akijua upo, ila si wake. Mama yake alipomwambia kuwa eda itakaliwa ndani, kama ilivyokaliwa na wanawake wote wa nyumba ile, miezi mitatu bila ya kuvuka mlango, alisema hewala. Siku ile angeambiwa lolote angesema hewala.

Aliyetaabika alikuwa Muhiddin. Pale Mlandege watu wa kuchapa barua walikuwepo, na wa kutengeneza printa pia, lakini wa kuandika kurasa za mtandao alikuwa Muzna peke yake. Hoteli ya Kiwengwa hufunga wakati wa masika na kufungua tena mwezi wa Juni, na meneja wake, Bwana Masoud, alitaka ukurasa wao uwe mpya kabla ya wageni kurudi. Siku ya nne ya eda, Muhiddin alitokea chini ya dirisha pamoja na mchukuzi mwenye mkokoteni.

"Bi Kulthum, shikamoo!"

"Marahaba, mwanangu."

"Nimewaletea mgeni."

Mgeni alikuwa kompyuta kuukuu, ya rangi ya maziwa yaliyokaa, iliyokuwa imetupwa stoo miaka. Mchukuzi aliipandisha ngazi zote kwa mabega, akaiweka juu ya meza ya cherehani karibu na dirisha. Mtandao haikuwa nao. Rangi ilizokuwa nazo ni kumi na sita tu. Na brauza yake, yaani ile programu inayofungulia kurasa, ilikuwa ya mwaka tisini na sita, kabla kurasa hazijajifunza mbwembwe.

"Andika kwa hiyo hiyo," Muhiddin alisema kwa sauti kutoka chini. "Mimi ntakuwa nachukua disketi, najaribu kule kwetu."

Bi Kulthum alikuwa na kikapu chake cha kamba, kile anachokiteremsha dirishani akinunua samaki na mboga kwa wapitao. Tangu siku ile kikapu kikawa kinateremsha disketi.

Muzna aliingiza ukurasa wa Kiwengwa ndani ya mashine ile kuukuu, akauangalia. Ulikuwa umevunjika. Menyu iliyotakiwa ifunguke ukiipitishia kishale cha mashine haikufunguka. Picha zilizokatwa vipande vipande ili zishikane zilikuwa zimeachana, katikati pana nyufa nyeupe. Chini kabisa yalibaki maandishi aliyoyaweka mwenyewe, kwamba ukurasa huu unaonekana vyema kwa brauza fulani, ile yenye herufi e ya buluu.

Ukurasa ule aliuandika mwezi wa Septemba uliopita. Wakati huo kila brauza ilikuwa na tabia zake, na aliyetaka ukurasa wa mbwembwe ilibidi achague aandikie ipi. "Watu tisini na tano katika mia wanatumia e ya buluu," Muhiddin alimwambia. "Na hao watano?" aliuliza Muzna. "Hao watano watajijua wenyewe." Basi akaandikia e ya buluu. Hata fomu ya kuomba chumba aliiandika hivyo. Mgeni akijaza jina lake na tarehe zake na kubonyeza, kijiprogramu kidogo kiliyakusanya majibu na kuyatia ndani ya barua, na kijiprogramu kile kilijua lugha ya brauza ile moja tu.

Kabla hawajaukabidhi, Muzna aliujaribu kwa brauza nyingine iliyokuwemo dukani, ile yenye herufi N. Alijaza, akabonyeza, ukurasa ukamjibu kwa Kiingereza kizuri, asante, ombi lako limepokelewa. Halafu akaenda kuiangalia ile barua upande wa pili. Ilikuwa tupu. Akamwambia Muhiddin. Muhiddin akasema, "Acha, tushachelewa." Naye akaacha.

Sasa aliuangalia ukurasa uliovunjika, na hakuona uchungu wala aibu. Aliona tu kuwa ndivyo ulivyo.

Watu walikuja kumpa pole, wakanywa chai, wakaondoka. Mwisho wa Machi mvua zilikwishaanza, na siku moja baada ya alasiri alikuja Shemsa. Shemsa ndiye aliyekuwa akipokea maombi ya vyumba katika hoteli ile ya Kiwengwa. Alikuwa mtu wa asili ya Tumbatu, mjane wa watoto wawili, akikaa Bububu, na Septemba ile alikuja Mlandege siku tatu Muzna akamfundisha kufungua barua za wageni na kuzijibu. Alikuja na buibui lililorowa hadi magotini, na kifuko cha sukari mkononi.

"Pole, shoga yangu. Nlisikia Darajani, nkasema sipiti bila ya kukuona."

"Nshapoa. Kaa."

Shemsa alikaa, akauliza hali ya Bi Kulthum, akazungumzia mvua. Halafu akakiangalia kikombe chake. "Na mimi wamenitoa kazini," akasema. "Wiki ya tatu leo."

"Kwa nini?"

"Wanasema siwajibu watu. Kuna ofisi moja ya safari huko Ujerumani, wote pale wanatumia kompyuta za aina nyengine, zile zenye alama ya tufaha. Wanasema wamepeleka maombi mia na zaidi, na kila wakipeleka wanaambiwa asante, limepokelewa. Halafu kimya. Bwana Masoud kaniuliza, yako wapi? Wallahi, Muzna, sikuyaona."

"Hukupata kitu kabisa?"

"Zilikuwa zikija barua tupu. Hazina jina, hazina tarehe, hazina neno. Asubuhi nafungua nakuta tatu, nakuta nne. Nlidhani ni uchafu wa mtandao, nkizifuta. Nlipomwambia Bwana Masoud, akasema hakuna mtu anayeandika barua tupu mara mia. Kaniona mwongo."

Chai ya Muzna ilikuwa mkononi. Alijua, palepale, kila barua tupu ilikuwa nini. Ilikuwa mtu aliyejaza jina lake na la mkewe na idadi ya watoto wake. Mdomo wake ulikuwa karibu kufunguka. Lakini baina ya kujua na kusema palikuwa na masafa, na yeye hakuwa na miguu ya kuyaendea. Akammiminia Shemsa kikombe cha pili. Shemsa akanywa, akamwombea kheri, akashuka ngazi akishikilia ukuta.

Alipokwenda zake Muzna alikaa mbele ya mashine. Akaijaza fomu kwa jina la Shemsa, akabonyeza. Brauza ile kuukuu ilikuwa na uzuri mmoja, ilionesha katika mstari wa juu kila ilichotaka kukipeleka: jina, tupu, tarehe ya kuja, tupu, watu wangapi, tupu. Akaijaza kwa jina lake mwenyewe. Tupu. Akaijaza kwa jina la Tamim, kwa herufi kubwa. Ikatoka tupu vilevile.

Siku ya pili yake aliufuta ukurasa wote, akaanza upya.

Muhiddin alikuwa amempelekea, pamoja na mashine, bunda la karatasi lililofungwa uzi. Zilikuwa kanuni za kuandikia kurasa. Watu wa nchi mbalimbali walikaa vikao wakaafikiana kila alama ina maana gani, ili ukurasa mmoja usomeke na brauza zote. Zilichapwa pale dukani zamani, na hakuna aliyewahi kuzisoma, kwa sababu ni kavu kama sheria za forodha. Muzna alizisoma zote. Ukavu wake haukumsumbua. Alama ikifunguliwa lazima ifungwe. Kichwa cha habari kiitwe kichwa cha habari, kisiwe maneno ya kawaida yaliyonenepeshwa. Picha iwe na maelezo yake, kwa asiyeweza kuiona. Ukurasa useme wenyewe, juu kabisa, umeandikwa kwa herufi zipi. Na kitufe kiwe kitufe cha kweli, fomu iwe fomu ya kweli, ipeleke yenyewe kilichoandikwa ndani yake bila ya kusubiri kijiprogramu.

Mvua ilinyesha Aprili nzima. Maji yalipita uchochoroni yakibeba maganda ya machungwa. Muzna aliamka, akasali, akakaa mezani pa cherehani, akaandika, akafunga alama zake moja moja. Kama angekuwa na moyo wake wa kawaida pengine angechoka, angetaka kutoka, angegombana na mama yake. Ganzi ile ilimpa subira asiyokuwa nayo. Jioni kikapu kiliteremka na disketi, na kesho yake Muhiddin alisimama chini na mwavuli kutoa habari.

"Muzna! Kwenye e ya buluu imekaa vizuri! Kwenye ile ya N, picha imeshuka chini ya maandishi!"

"Imeshuka kiasi gani?"

"Kama shubiri!"

Jirani wa dirisha la mbele, Bi Mwanakheir, alitoa kichwa. "Nini kimeshuka shubiri, jamani? Ukuta?"

"Picha, Bi Mwanakheir," akajibu Muhiddin. "Picha ya bwawa."

Bi Mwanakheir akashukuru Mungu, akafunga dirisha. Bi Kulthum alicheka mpaka akajifuta macho. Muzna naye alijua kuwa ni jambo la kuchekesha.

Mei ikaingia. Kila simu ilipolia Bi Kulthum aliikimbilia. Kila Ami Hisham alipopita aliulizwa kama pana habari ya Maskati. Hapakuwa na habari. Siku zikawa zinahesabika, na Bi Kulthum akaanza kufunga Jumatatu na Alhamisi.

Wiki ya mwisho ya mwezi ule, Muhiddin alikuja bila ya kupiga ukelele. Aliutikisa uzi wa kikapu taratibu, na kilipopandishwa ilikuwemo karatasi moja. Ilikuwa barua pepe iliyofika kwenye anwani ya Muzna na yeye akaichapa. Mistari kumi na sita ya vijidude vyenye vikofia na mikia.

"Imetoka Maskati!" akasema Bi Kulthum. "Imeanza na vijidude vilevile vya ile ya kwanza. Ni marejeo haya, Muzna. Nlikwambia. Mwambie Muhiddin akaigeuze, kama ulivyoigeuza ile."

"Akiigeuza yeye, itasomwa dukani kabla yangu, Mama."

"Basi, na wewe huwezi kutoka."

"Ntaisoma hapahapa."

Mle ndani ya bunda la kanuni lilikuwemo jedwali la herufi, lenye kuonesha kila namba inasimamia herufi gani ya Kizungu na gani ya Kiarabu. Muzna alilifungua, akachukua kalamu, akaanza kuandika chini ya kila kidude herufi yake ya haki. Ç ni alifu. á ni lamu. Ó ni sini. Kazi ile ilichukua siku mbili. Bi Kulthum alipita nyuma ya kiti chake mara kwa mara, anavuta uradi. Mpaka mstari wa tano Muzna hakujua barua inasema nini. Alikuwa akiandika herufi tu. Wa sita ndipo maneno yalipoanza kushikana.

Haikuwa ya Tamim. Iliandikwa na karani wa ofisi anayofanya kazi Tamim, naye alikuwa mtu wa adabu. Alimwarifu Bibi Muzna kwamba ombi la viza ya kuungana na mume, lililowekwa miaka mitatu nyuma, lilikubaliwa tarehe tatu Februari, na mhusika akaarifiwa siku hiyohiyo. Kwa kuwa mhusika ameomba lifutwe, ofisi itamrudishia Bibi cheti chake cha kuzaliwa na picha zake nne, na anaombwa aandike anwani yake ya posta.

Muzna akaisoma kwa sauti, kwa Kiswahili, mama yake asikie.

Bi Kulthum akauliza, "Februari? Mwezi mzima kabla?"

"Wiki tano, Mama. Wiki tano alikuwa nayo mkononi."

"Na mwezi ule wote akikuandikia?"

"Akiniandikia. Kwamba mambo ya viza yako mbioni."

Bi Kulthum akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Muzna alibaki na karatasi. Alijitafuta ndani, kama mtu anavyopapasa kabati gizani, hakukuta kitu cha kushika. Hasira alijua ingekuwa mahali fulani pale, lakini haikuja. Lililomjia ni jambo jengine kabisa. Tamim alijua, na alikaa nalo, na akaendelea kuandika barua za kila siku. Na yeye, Muzna, alijua tangu Septemba. Alikaa nalo. Alimmiminia mtu chai ya pili.

Akachukua karatasi safi, akaandika kwa mkono:

"Kwa Bwana Masoud. Barua tupu alizokuwa akizipata Bi Shemsa ni maombi ya wageni wenu. Kosa ni la ukurasa nilioandika mimi. Nililijua kabla hatujaukabidhi, nikanyamaza. Bi Shemsa hakudanganya na hana kosa lolote. Muzna binti Nasser."

Aliitia kikapuni pamoja na disketi ya siku ile. Muhiddin aliisoma akiwa amesimama uchochoroni. Muzna alimwona akiisoma tena.

"Muzna," akasema, kwa sauti ya chini ambayo hata hivyo ilipanda yote. "Unataka kunifungia duka?"

"Nataka uipeleke."

"Mwandikie Shemsa, mtake radhi. Wengine yanawahusu nini? Ukurasa mpya ushakaribia, kosa halipo tena. Nani atauliza?"

"Shemsa hana kazi."

"Atapata nyengine. Na nlokwambia uache ni mimi, si wewe. Mbona hukuniandika mimi?"

"Wewe jiandike mwenyewe."

Muhiddin aliikunja barua, akairudisha kikapuni, akachukua disketi, akaenda zake bila ya salamu. Muzna alikipandisha kikapu. Hakukasirika. Alikuwa akifikiri ampe nani mwengine, na nani anayepita, mlango wa chumba cha mama yake ulipofunguka. Bi Kulthum alikuwa amekwishavaa buibui.

"Nimewasikia," akasema. "Lete."

"Mama, mvua."

"Lete hiyo barua. Ofisi yao ya mjini iko Shangani, napajua, nlikuwa nkipita hapo nkiwa msichana. Leo kuna mtu mmoja katika nyumba hii atakayesema kweli, na mwengine atakayeipeleka."

Akashuka. Muzna alimtazama kutoka dirishani akipita pembeni ya maji, ameinua nguo kidogo, barua ameitia kifuani, hadi alipopotea kwenye kona.

Wiki nzima Muhiddin hakuonekana. Siku ya nane uzi wa kikapu ukatikisika. "Bwana Masoud kaja dukani," akasema Muhiddin, anaangalia ukuta. "Kapiga kelele, kapaza sauti. Shemsa karudishwa. Ukurasa wanautaka, lakini wamesema uandikwe na wewe na ujaribiwe mbele yao." "Nami nimemwambia. Kwamba aliyesema acha ni mimi."

"Vizuri," akasema Muzna, akamteremshia disketi.

Eda ilikwisha siku ya Jumapili, tarehe tisa ya Juni. Jua lilikuwa limetoka na mashuka yalikuwa yametundikwa madirishani uchochoro mzima. Hakuna simu iliyolia. Bi Kulthum alimfukizia udi, akamvisha nguo mpya, na asubuhi ya Jumatatu Muzna akavuka mlango, akaingia ndani ya gari la Muhiddin kwenda Kiwengwa.

Ofisi ya maombi ilikuwa chumba kidogo nyuma ya mapokezi. Bwana Masoud alikusanya kompyuta za kila namna alizoweza kuziazima kwa wageni, hata moja ya zile za tufaha. Muzna aliufungua ukurasa juu ya kila moja. Haukuwa na mbwembwe nyingi. Mahali pengine picha ilikaa kushoto kidogo, pengine rangi ilififia. Lakini kila mahali fomu ilikuwa fomu, na kila barua iliyopelekwa ilifika ikiwa na jina, tarehe na idadi ya watu. Bwana Masoud akaridhika, akatoka na Muhiddin kwenda kumwonesha mwenye hoteli. Wakabaki Muzna na Shemsa.

Shemsa alipanga karatasi zilizokwisha kupangwa.

"Barua yako nimesomewa," akasema.

"Naam."

"Umeandika ulijua."

"Nlijua."

"Siku ile nlipokuja kwenu na mvua ile, nkakaa, nkanywa chai yako. Ulikuwa unajua?"

"Nlikuwa najua."

Shemsa akatikisa kichwa taratibu. "Nlihama Bububu, Muzna. Nlikwenda kukaa kwa mama mkwe wangu Mkokotoni, mimi na wanangu, chumba kimoja. Kila siku ananiuliza, kwani ulifanya nini hata wakakutoa? Nami sijui nlichofanya. Nlifika mahali nkaamini kuwa kweli nlikuwa nkizifuta barua za watu kwa makusudi."

Muzna alitaka kusema nisamehe. Neno lilikuwepo mdomoni, tayari, lakini alipolionja lilikuwa halina kitu chini yake, na hakutaka kumpa Shemsa neno la namna hiyo.

"Nikikwambia nisamehe sasa hivi, itakuwa maneno tu," akasema. "Sijisikii kitu, Shemsa. Tangu mwezi wa tatu. Najua nlichokufanyia, lakini sikisikii."

Nje, wanawake walikuwa wakirudi kutoka kwenye mashamba ya mwani na matenga yao vichwani, wanazungumza kwa sauti.

"Basi usiseme," akasema Shemsa mwishoni. "Siku utakapoweza kusema, mimi nimesharudi Bububu. Karibu na msikiti, mlango wa kijani." Akageukia mashine yake, akaanza kujibu barua.

Muzna alirudi Mlandege, akaendelea na kazi. Hoteli nyengine zilileta kurasa zao zitengenezwe, na Muhiddin hakumwambia tena aache kitu. Cheti chake cha kuzaliwa kilirudi kwa posta pamoja na picha nne. Ilisemekana Tamim ameoa hukohuko. Muzna alilisikia hilo akiwa anakula, akaendelea kula.

Ilikuwa Oktoba, Ijumaa moja baada ya sala, hapana kilichotokea, hakuna aliyemwambia lolote, alipovaa buibui akamwambia mama yake anakwenda Bububu. Aliuliza njia mara moja tu. Shemsa alikuwa uani anafua, mikono ina povu hadi viwikoni. Aliinua kichwa, akamwona amesimama mlangoni.

Muzna alifungua mdomo. Akasema, "Shemsa," na la pili halikutoka. Kilichotoka kilikuwa kilio kikubwa, kibaya, cha mtoto, kilichomfanya ashike mlango kwa mikono miwili.

Shemsa hakuinuka. Alimwacha alie mpaka pumzi ikamrudia. Kisha akasukuma kibao kwa mguu, kikaja mpaka karibu na beseni.

"Kaa," akasema. "Shika ncha hii ya shuka, tukamue."